Mafunzo ya Mtandao Yasifanywe Juu ya Mali ya Watu

Mwanafunzi wa udereva hapelekwi Barabara ya Mandela siku yake ya kwanza, tena jioni watu watokapo kazini. Hupelekwa kwanza uwanjani, mahali ambapo akikosea hakuna aumiaye. Ikiwa hivyo ndivyo tufanyavyo kwa usukani, yafaaje kuwaacha vijana wanaojifunza ufundi wa mitandao ya kompyuta wajaribu mikono yao katika mitandao inayobeba mishahara, akiba na siri za wananchi? Neno letu leo ni hili: kila panapofundishwa ufundi huo, Tabata na kwingineko, hapana budi pawe na mtandao mdogo wa mazoezi, uliotengwa kabisa, uliojengwa kwa mashine pepe.

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na umbo la kushikika. Programu maalumu huigawa kompyuta moja ya kweli ikawa kompyuta kadhaa, na kila moja huwa na kumbukumbu yake, diski yake na mfumo wake, nayo hufanya kazi kana kwamba iko peke yake. Jambo hili si geni. Wataalamu wa kampuni ya IBM huko Marekani walilianza katika miaka ya 1960, siku ambazo kompyuta moja ilijaza chumba, na watumiaji wengi walilazimika kuishiriki.

Wako watakaosema kuwa haya ni mambo ya matajiri. Sivyo. Kompyuta moja yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 yatosha kubeba mashine pepe nne za Linux, kwa kuwa kila moja, ikiendeshwa kwa maandishi bila picha, yaweza kuridhika na gigabaiti moja au mbili. Linux hupatikana bila malipo, na VirtualBox, ambayo ni programu ya kuundia mashine pepe, ni hivyo hivyo. Wahenga walisema, padogo pako si pakubwa pa mwenzako.

Kazi yenyewe yataka utaratibu. Mashine ya kwanza iwe lango, ya pili iwe seva yenye kuhifadhi kumbukumbu za ofisi ya kubuni, ya tatu iwe ya karani, na ya nne iwe ya yule anayejaribu kuvunja. Zipewe anwani zinazoanza na 192.168, ambazo tangu mwaka 1996 zimetajwa rasmi kuwa za mitandao ya ndani tu. Kila kinachohitajika kipakuliwe mapema, kisha mashine zote zifungwe katika mtandao wa ndani, ule ambao mashine pepe huonana zenyewe kwa zenyewe tu. Asije mtu akachagua ile njia ya daraja, kwani hiyo huziunganisha mashine za mazoezi na mtandao wa nyumba au ofisi nzima. Kadhalika, folda za kushirikiana na kompyuta mama zifungwe.

Baada ya hapo sharti pawe na uhakikisho. Mashine zikiitana, ziitikiane. Zikiiita kompyuta mama au intaneti, pawe kimya. Ambaye hajaona kimya hicho kwa macho yake asiseme kuwa ametenga kitu.

Kabla ya zoezi, mwanafunzi huhifadhi hali ya kila mashine. Akiiharibu asubuhi, huirudisha kama ilivyokuwa kabla ya chai ya saa nne, akaanza upya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na hapa koleo hujiunga tena kwa dakika chache. Hakuna shule ya ufundi iliyopata kuwa na vifaa vyenye subira kama hivi.

Watu wa Tabata hawahitaji kuhubiriwa maana ya kutenga. Taka za Jiji zilipokuwa zikimwagwa karibu na nyumba zao, wakazi walikwenda Mahakama Kuu, na katika shauri la mwaka 1988 wakapewa haki yao. Hawakudai kuwa mji usiwe na taka. Walidai kuwa taka zisikae mahali watu wanapolala. Basi programu chafu inayochunguzwa na mwanafunzi nayo ina mahali pake. Mwezi Mei 2017 programu iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150, ikiyafunga mafaili ya watu na kudai fedha, huku ikipita yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Hospitali za Uingereza ziliwaahirishia wagonjwa matibabu. Kitu kama hicho hakichezewi katika mtandao wa ofisi.

Tena iko sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeharamisha kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini. Kijana aliyeingia "kujaribu tu" aweza kujikuta kizimbani, na kipaji chake kikaishia hapo. Wako wanaosema kuwa kumfundisha kijana namna ya kuvunja ni kumpa mwizi ufunguo. Twawajibu kuwa fundi wa kufuli naye hujifunza kufungua bila ufunguo, lakini hujifunzia kufuli za karakana, si za majirani.

Nchi hii imekwisha kulipia ukosefu wa ujuzi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mpango wa kuhamishia humo hesabu za Serikali ukaleta hasara, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Chuma kilinunuliwa upesi kuliko mikono ya kukiendesha ilivyoandaliwa. Leo marufuku haipo na vyuma vimejaa madukani, lakini swali la mikono lingali palepale.

Mtandao uliotengwa una faida nyingine. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikazorota nchini. Darasa lenye mtandao wake wa ndani halikuwa na sababu ya kufunga mlango siku hiyo, wala halihitaji kununua data kila asubuhi ili lifundishe.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa vyuo na wenye karakana watenge kompyuta moja kwa kazi hii, hata iwe ya zamani kidogo. Wakuu wa ofisi nao wakatae kabisa majaribio katika mashine zinazoshika hesabu za watu. Nanyi vijana, jengeni, vunjeni na mjenge tena ndani ya ua wenu. Siku mtakapokabidhiwa seva ya chama cha akiba na mikopo, mama lishe aliyeweka humo shilingi zake asiwe yeye wa kulipia masomo yenu.