Kabla ya Bei, Tuulize Shamba ni la Nani

Ukitoka mjini Embu kuelekea Runyenjes, na tena ukikaribia Nkubu upande wa Meru, kahawa inang'olewa na vibao vya ploti vinagongomewa kwenye miti ya mikima. Hamsini kwa mia, maji karibu, stima karibu, hati ipo. Kibao hakisemi hati hiyo ina jina la nani.

Mwaka jana dalali alinipeleka kwenye shamba moja chini ya barabara. Kijana aliyekuwa akiuza alitaja milioni moja na laki mbili. Sijajibu kitu, dalali akadakia: "Mwalimu, toa laki moja tu ya kushika. Kesho kuna watu wa Nairobi wanakuja kuona." Nilimwomba namba ya shamba nikafanye sachi kwenye masjala ya ardhi. Majibu yalionyesha shamba halina kizuizi wala mkopo wa benki, ila mwenyewe ni babu yake huyo kijana. Na babu alishazikwa; kaburi lake la vigae unaliona ukisimama pale kwenye bikoni.

Sachi haikwambii kama mwenye jina yu hai. Hilo utaliuliza kwa majirani na kwa mzee wa kijiji. Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inasema kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria ni kosa la jinai. Kifungu cha 82 kinamkataza hata msimamizi wa mirathi kuuza ardhi kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wake. Basi hata ukipunguziwa laki tatu, umepunguziwa kitu ambacho kijana hana uwezo wa kukuuzia.

Niliomba kuonana na watu wa nyumba ile. Shangazi yake, aliyekuwa ameolewa Chuka akarudi kwao, alikuwa akipalilia maharagwe kwenye ploti ile ile. Hakuna aliyekuwa amemwambia inauzwa. "Sasa mwalimu, mimi nitalima wapi?" aliniuliza, jembe mkononi.

Huku kwetu bado tunauziana ardhi kana kwamba mabinti hawakuzaliwa. Mahakama ya Rufaa ililikataa jambo hilo mwaka 2005 katika kesi ya Rono: kwamba binti huenda akaolewa si sababu ya kumnyima urithi. Katiba ya 2010 ikaja kuutia nguvu uamuzi huo. Mnunuzi anayemruka shangazi anashiriki kumdhulumu, na atakutana naye mahakamani msingi ukiwa umeshachimbwa.

Tena shamba la kilimo lazima lipite Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Ombi la idhini hupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkubaliane, na bodi ikikataa, mauzo ni batili. Unabaki kudai pesa zako kama deni. Ukifika pale, wanabodi wanataka kumwona mke au mume wa muuzaji, na mara nyingi watoto wakubwa pia. Afadhali uwaone mapema, nyumbani kwao.

Wakishaketi wote, hapo ndipo bei inazungumzika. Nani atamlipa mpima ardhi? Njia itakuwa futi ngapi? Mazao yaliyopo yatavunwa na nani? Ushuru wa stempu, asilimia 2 mashambani na 4 mjini, ni wa mnunuzi, kwa hiyo upige hesabu yake kabla hujataja bei yako.

Dalali bado ananipigia. Namjibu vile vile: wenye shamba waende mahakamani, shangazi apimiwe sehemu yake, kisha tutataja bei.