Sikukuu Kazini Isiwe Karamu ya Wakubwa

Kila Desemba, mabasi yatokayo Mwanza na Musoma huteremsha Tarime watu waliokuwa ugenini mwaka mzima. Wengine huendelea na safari hadi Nyamongo na vijiji vya Kata ya Matongo, ambako jamaa zao huwa wamekwisha kuwaandalia mahali pa kulala na mnyama wa kuchinja. Ni mwezi wa sikukuu, na Wakurya hawafanyi sikukuu kwa unyonge.

Papo hapo, hatua chache kutoka katika nyumba hizo, mgodi wa dhahabu wa North Mara haulali. Tangu mgodi huo ulipoanza uzalishaji mwaka 2002, mawe huchimbwa, hubebwa na kusagwa mchana na usiku, na kwa mtambo tarehe 25 Desemba ni tarehe kama nyingine. Yupo dereva aliyeko zamu wakati watoto wake wanavishwa nguo mpya. Yupo mlinzi langoni. Nje ya uzio yupo muuguzi wa zahanati, na yupo askari polisi. Wapo pia walezi na wapishi wa vituo vya Tarime na Serengeti vinavyowahifadhi wasichana waliokimbia ukeketaji. Kwao Desemba, msimu wa tohara, ndio mwezi wa kazi nyingi kuliko yote, na mpishi hawezi kuwaambia watoto waliofika usiku wakiwa na hofu kwamba leo ni mapumziko.

Kwa hiyo wanaposema waajiri kuwa wanataka kuleta furaha ya sikukuu mahali pa kazi, yafaa waulizwe kwanza: furaha ya nani?

Jinsi karamu za mwisho wa mwaka zinavyofanyika katika ofisi nyingi inajulikana. Hukodishwa ukumbi. Meza ya mbele hutandikwa kitambaa cheupe, wakakaa mkurugenzi na wageni wake. Hotuba ni ndefu, wali hupoa. Mfagizi aliyepanga viti tangu alfajiri hana kiti, kwa kuwa ameajiriwa na kampuni nyingine iliyopewa zabuni ya usafi. Mlinzi huletewa sahani langoni baada ya wote kula, ikiwa imebaki. Kesho yake barua husambazwa kuwashukuru "wafanyakazi wote".

Karamu ya namna hiyo haileti furaha kazini. Inachofanya ni kuonyesha kwa pilau na soda ngazi ileile ambayo mfanyakazi huiona kila siku kwa njia nyingine. Tanzania ina sababu ya kulifahamu jambo hili. Mwongozo wa TANU ulipotolewa mwaka 1971, ulikemea wazi ubwana na majivuno ya viongozi. Na katika migomo iliyofuata viwandani hadi mwaka 1973, malalamiko mengi hayakuwa ya mshahara tu. Wafanyakazi walichoka na matusi na dharau za mameneja. Mtu anaweza kuvumilia kazi ngumu kwa miaka, akashindwa kuvumilia kudharauliwa kwa siku moja, hasa siku yenyewe inapoitwa sikukuu.

Wapo wasemao kwamba sherehe kazini ni desturi ya kuigwa kutoka Ulaya. Hilo si kweli. Katika vijiji vya Mara, kama katika sehemu nyingi za nchi hii, mwenye shamba aliyeelemewa na palizi aliwaita majirani, nao wakaja na majembe yao. Walilima huku wakiimba, na kazi ilipokwisha walikula na kunywa kwake. Hapakuwa na mpaka kati ya kazi na karamu. Mwenye shamba alijua kuwa chakula kile si hisani yake. Ni haki ya mikono iliyolima, na aibu ingekuwa yake kama jirani mmoja angerudi nyumbani na njaa. Kigezo ni hicho, wala hakikutoka mbali.

Hata hiyo siku ya pili ya Krismasi, tarehe 26 Desemba, ambayo Watanzania hupumzika bila kujiuliza sana maana yake, ina asili ya kufikiriwa. Kwa Waingereza wa zamani ilikuwa siku ya kuwapa watumishi zawadi katika sanduku, maana siku ya Krismasi yenyewe watumishi hao walikuwa jikoni wakiwapikia mabwana. Sikukuu ile ilizaliwa kwa kukiri kwamba kuna mtu aliyefanya kazi ili mwingine asherehekee. Mabwana wale hawakuwa wajamaa, lakini angalau walikumbuka.

Sheria ya Tanzania haikuishia kwenye sanduku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amlipe anayefanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Kwa kazi ya usiku huongezwa asilimia 5, kiasi ambacho hakika hakuna atakayekiita ukarimu. Mapambo ya sikukuu yaanzie hapo. Mwajiri anayetundika taa za rangi ukumbini huku akimpunja mlinzi saa zake za usiku wa Krismasi, taa zile amezinunua kwa fedha ya mlinzi.

Katika ofisi za umma tahadhari ni mbili. Novemba 2015, siku chache tu baada ya Rais John Magufuli kuapishwa, serikali ilipiga marufuku uchapishaji wa kadi za Krismasi na mwaka mpya kwa fedha za umma. Aliyetaka kutuma kadi aligharimie mwenyewe. Wapo walionung'unika. Lakini tarehe 9 Desemba mwaka huohuo, badala ya gwaride la Uhuru, nchi nzima ilishika mafagio, na Rais mwenyewe akaonekana akizoa taka karibu na soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Waliokuwapo siku ile, wakuu na wadogo wakiwa na vumbi lilelile, wanajua kuwa ilikuwa na ladha ya sikukuu kuliko gwaride nyingi.

Basi kinachotakiwa si gharama. Yafaa mipango ya sikukuu itoke katika baraza la wafanyakazi, wala si katika ofisi ya utawala peke yake, na vibarua wa makandarasi wahesabiwe tangu mwanzo. Ratiba ifikiriwe pia. Mwaka 2021 Krismasi iliangukia Jumamosi, na mkoani Mara Wasabato ni wengi. Karamu ya Jumamosi huwafungia mlango bila mtu kukusudia. Kileo kisiwepo mahali penye mitambo, na hilo halihitaji mjadala.

Tena uko utaratibu ambao wauguzi na askari wa nchi hii wameufuata kwa muda mrefu bila kuandikiwa waraka. Mkristo hushika zamu ya Mwislamu siku ya Idd. Krismasi inapofika, Mwislamu humwambia mwenzake aende nyumbani. Hakuna bajeti iliyotengwa kwa jambo hilo. Meneja anayetaka kuanza mahali fulani na aanze kwa kuitazama orodha ya zamu ya usiku wa Desemba 25 kabla haijabandikwa ukutani, aone kama majina yaliyomo ni yaleyale ya mwaka jana, na kama katika majina hayo limo hata moja la mtu mwenye ofisi.