Manowari Inasomwa kwa Herufi Zake
Kila manowari ya Marekani ya kubebea ndege ikitajwa kukaribia Bahari ya Uarabuni, watu wetu kuanzia Maskat hadi Dubai hurushiana uvumi simuni, wengine washaanza kufunga mizigo. Mimi mwalimu mstaafu nasema tusome herufi kwanza.

USS Abraham Lincoln ni CVN-72: CV ni meli ya kubebea ndege, N ni nyuklia. Tangu Kitty Hawk, CV-63, istaafishwe 2009, zao zote ni za nyuklia. Basi anayekwambia "itaishiwa mafuta irudi kwao," usimsikilize. Kinu chake hukaa zaidi ya miaka 20 bila kuongezewa. Inachongojea ni chakula, silaha na mafuta ya ndege. Hapo ndipo mkataba wa 2019 wa Marekani kutumia bandari za Duqm na Salalah unapopata uzito.

Saa za marubani nazo zina hesabu yake. Jeshi lao la majini huanza kuhesabu ndege inapoanza mbio za kuruka. Ndege za kiraia huhesabu tangu inapojongea kwenda kuruka. Kwa hiyo saa 1,000 za rubani wa kivita si chache kama zinavyoonekana.

Ukitajiwa namba, uliza kwanza: imehesabu nini?