Mbachao na Msala: Ajira ya Mchana na Ndoto ya Mwigizaji wa Malindi na Kilifi

Wahenga walionya kwamba mtu asiache mbachao kwa msala upitao. Katika nyumba nyingi za Malindi, Watamu na Kilifi, methali hii ndiyo jibu la kwanza analopewa kijana anayetangaza nia ya kuwa mwigizaji wa kulipwa. Mbachao ni kazi ya hoteli, ya duka, ya bodaboda, ya shamba au ya mashua ya uvuvi. Msala ni tangazo la biashara la siku moja, au nafasi ndogo katika tamthilia ya televisheni, ambayo leo ipo na kesho haipo. Wazazi hawakukosea kumwonya. Kosa ni la wale walioigeuza methali hiyo kuwa kisingizio cha kumlipa mwigizaji ujira duni, kwa madai kwamba ana kazi nyingine ya kumlisha.

Sanaa ya Kiswahili haijapata kuionea haya kazi ya kujitafutia riziki. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alikuwa mfanyabiashara. Siti binti Saad (1880–1950) alitembeza vyungu akiviuza kabla ya sauti yake kunaswa katika sahani za santuri mjini Bombay mwaka 1928. Shaaban Robert (1909–1962) alikuwa karani wa serikali ya kikoloni Tanganyika kwa miaka mingi. Hakuna mhakiki anayethubutu kudai kwamba ukarani ulimpunguzia ushairi wake. Kwa mintarafu hii, kijana anayebeba sinia mchana na kukariri maneno ya mhusika wake usiku hana la kumtia fedheha.

Hata hivyo, ulinganisho huu una mpaka wake, na wengi huusahau mpaka huo. Mshairi aweza kutunga usiku wa manane, taa ikiwaka na watu wamelala. Mwigizaji hana usiku wa namna hiyo. Kamera nyingi husubiri mwanga wa jua, na saa za kazi hupangwa na mtayarishaji. Isitoshe, usaili mwingi wa matangazo ya biashara hufanyika Nairobi, takriban kilomita 600 kutoka Malindi kwa barabara ipitayo Mombasa. Anayeitwa leo kwa usaili wa keshokutwa hana budi kuomba ruhusa kazini, kulipa nauli ya kwenda na kurudi, na kutafuta pa kulala. Asipochaguliwa, amepoteza nauli pamoja na ujira wa siku alizokosa kazini. Akiomba ruhusa mara tatu katika mwezi mmoja, huenda akarudi akakuta zamu yake imepewa mwingine. Basi ajira ile ile inayomlisha mwigizaji ndiyo inayomfungia mlango wa sanaa.

Yamkini msomaji atauliza: hasara hii yawahusuje wanafunzi wa Kiswahili? Yawahusu sana. Televisheni za Kenya zimekwisha kutambua mvuto wa Pwani. Tamthilia ya Sultana, iliyoanza kuonyeshwa na Citizen TV mwaka 2022, ilijengwa juu ya mandhari na Kiswahili cha Pwani, nayo ikapendwa hata na watazamaji wa bara. Wazawa wa lugha hiyo wapo Mambrui, Takaungu na Mtwapa. Wakishindwa kuufikia usaili kwa sababu ya nauli na zamu, nafasi zao zitajazwa na waigaji wanaodhani kwamba Upwani ni kuvuta silabi ya mwisho na kuchomeka neno "yakhe" mahali pasipo pake. Mgiriama naye atabaki kupewa nafasi ya mgema au mganga wa kuchekesha. Mwanafunzi wa isimujamii ajua fika kwamba picha ya wasemaji ikipotoshwa, hadhi ya usemi wao nayo hushuka.

Nini kifanywe basi? Kwanza, mwigizaji aache kuipokea kazi kwa mapatano ya mdomo. Tangazo hupigwa kwa siku moja, lakini sura yake yaweza kuuza sabuni au simu kwa miaka. Aidha, akishatangaza bidhaa ya kampuni moja, yaelekea kampuni shindani hazitamtaka. Mkataba hauna budi kutaja muda wa matumizi, vyombo vitakavyotumika, na malipo ya nyongeza muda huo ukipita. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazitambua haki za watendaji wa sanaa, lakini haki isiyodaiwa ni sawa na isiyokuwapo. Kwamba mtu ana mshahara wa hoteli hakupunguzi thamani ya sura yake hata senti moja.

Pili, waigizaji wa Pwani waitumie kalenda yao wenyewe. Utalii hulegea wakati wa masika, kati ya Aprili na Juni, na wafanyakazi wengi wa hoteli hupunguziwa zamu au kupumzishwa bila malipo. Muhula wa pili wa shule huangukia kipindi hicho hicho, na watahiniwa wa kidato cha nne wanahitaji kuziona jukwaani tamthilia wanazozisoma. Kifo Kisimani, Mstahiki Meya, Kigogo na Bembea ya Maisha zote zimepata kutahiniwa. Kikundi kinachofanya mazoezi jioni chaweza kuzungukia shule za Ganze, Kaloleni na Magarini bila mtu kuiacha kazi yake ya msimu. Vikundi vya ngoma vya Mijikenda vinavyotumbuiza watalii hotelini vimekwisha kuonyesha njia, maana hucheza usiku na wachezaji wake wakafanya shughuli nyingine mchana. Shakespeare mwenyewe hakuneemeka kwa kalamu na uigizaji tu, bali kwa hisa zake katika kampuni ya waigizaji na, tangu mwaka 1599, katika jumba la Globe. Mwenye hisa hupanga saa zake, kibarua hupangiwa.

Tatu, serikali ya kaunti na chuo kikuu vina deni. Katiba ya mwaka 2010 imeikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma. Ukumbi wa maonyesho wenye taa na usaili unaofanyiwa hapa hapa ungemwokolea kijana nauli ya kilomita 600. Chuo Kikuu cha Pwani kipo Kilifi, na wanafunzi wake wa Kiswahili wanaweza kuhariri miswada, kusahihisha lafudhi na kuwafunza waigizaji kusoma mikataba. Nao watayarishaji watakaokuja Pwani kutafuta bahari watafute na watu wake, tena wawape taarifa ya siku za kutosha ili waweze kubadilishana zamu.

Mbachao usiachwe. Kijana abaki na kazi yake mpaka sanaa itakapoweza kumlisha. Lakini jamii isiukalie mbachao huo na kuufanya sababu ya kumnyima msala. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, ambao kila mwaka huzisoma na kuzihakiki tamthilia, wawe wa kwanza kuuliza waigizaji wake wanakula nini.