Kanda za sumaku: viwanda vya Thika na Ruiru visizitupe bado

Aprili 2023 kampuni ya Naivas, ambayo maduka yake tunayo Mombasa kama walivyo nayo watu wa Thika na Ruiru, ilitangaza kwamba wadukuzi wameivamia kwa programu ya kufunga data na kudai fidia. Habari hiyo ilipita, lakini swali limebaki kwa kila mwenye biashara: kompyuta zako zote zikifungwa leo, nakala ya hesabu zako iko wapi?

Tusidhani hili ni jambo la watu wa bara peke yao. Bidco na Del Monte ziko Thika, Devki ina kiwanda cha chuma Ruiru, na nyuma yao kuna viwanda vidogo chungu nzima. Mali ghafi nyingi za ukanda huo hushukia bandari ya Mombasa. Seva ya kiwanda ikifungwa, oda haitoki, wakala wa forodha halipwi, na dereva wa lori analala njiani akisubiri karatasi.

Nakala za akiba zilianza kuwekwa kwenye kanda za sumaku zamani; IBM ilitoa mashine yake ya kwanza ya kanda mwaka 1952. Siku hizi wengi wamehamia kwenye diski na hifadhi ya mtandaoni, maana ni rahisi na nakala hujitengeneza yenyewe usiku. Mtego uko hapo hapo. Nakala iliyounganishwa na mtandao saa zote inafikiwa pia na mwizi. Akishapata nywila ya msimamizi, huifuta hiyo nakala kwanza, kisha ndipo anadai pesa. Kanda iliyotolewa kwenye mashine na kufungiwa kabatini haifikii.

Hata wakubwa wanalijua hili. Februari 2011 hitilafu ya programu ilifuta barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail, pamoja na nakala zake kadhaa. Google ilizirudisha kutoka kwenye kanda. Kisha kuna intaneti yenyewe: Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na mtandao ukazorota Afrika Mashariki. Anayetegemea nakala iliyoko ng'ambo, siku kama hiyo hana la kufanya ila kungoja.

Lakini kanda nayo ina gharama. Mashine mpya ya kuisomea huuzwa kwa maelfu ya dola, ingawa kanda yenyewe ni rahisi: moja ya LTO-9, iliyotoka 2021, hubeba terabaiti 18. Mashine hiyo husoma kanda za kizazi chake na cha LTO-8 tu, kwa hiyo mwenye kanda za zamani bila mashine yake ana mzigo usiosomeka. Tena kanda hutaka ubaridi na ukavu. Thika, iliyo karibu mita 1,600 juu ya bahari, ina nafuu. Kwetu Pwani, bila chumba chenye kiyoyozi, unyevu utaiharibu.

Kwa maoni yangu, kiwanda kikubwa chenye data ya miaka mingi kinunue kanda. Karakana ya Ruiru yenye kompyuta tano inatosheka na diski mbili za nje zinazobadilishana kila wiki: moja kazini, nyingine imechomolewa na kuwekwa jengo jingine. Kinachookoa ni kule kutengwa na mtandao.

Sheria nayo haingoji. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa zitunzwe miaka mitano, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mwenye biashara saa 72 kumjulisha Kamishna data za watu zikivuja na kuwatia hatarini.

Akiba haiozi, wahenga walisema, lakini nakala ya kompyuta huoza isipoangaliwa. Kila miezi mitatu, chukua nakala hiyo, irejeshe kwenye kompyuta tupu na uone kama ankara za mwezi uliopita zinafunguka. Na nyinyi mawakala wa Mombasa mnaowakopesha wateja wa Thika, waulizeni walifanya jaribio hilo lini mara ya mwisho.