Dakika sita za kuhesabu herufi

Wachezaji wa GTA Online kwenye kompyuta walikwishazoea: unaufungua mchezo, unakwenda kuchemsha chai, unarudi na bado haujafunguka. Lawama zikatupiwa intaneti, seva za Rockstar, kampuni yenye mchezo huo, hata kompyuta yenyewe kwa uzee wake. Mwaka 2021 mtaalamu mmoja aliyekuwa nje ya kampuni aliacha kubashiri, akapima. Kwake mchezo ulichukua dakika sita kufunguka. Muda mwingi kati ya hizo diski na mtandao vilikuwa vimetulia. Aliyetoka jasho ni prosesa.

Akaleta profaila, yaani programu inayoichungulia nyingine mara nyingi kwa sekunde na kuandika imeikuta ikifanya nini. Ripoti ikasema muda mwingi unaliwa na strlen, amri ndogo inayohesabu urefu wa maandishi.

Hapa ndipo wengi hupotea. Msomaji wa mstari wa juu peke yake angehangaika kuiongezea strlen kasi, ilhali strlen haikuwa na kosa lolote. La kuuliza ni nani anaiita, na mara ngapi. Kumbe mchezo ulikuwa ukisoma faili la megabaiti 10 lenye orodha ya bidhaa kama 63,000, na kwa kila kipande kilichosomwa, herufi zote zilizobaki mpaka mwisho wa faili zilihesabiwa upya. Muuza duka gani hupima gunia zima la mchele kila anapouza kibaba? Zaidi ya hapo, kila bidhaa ililinganishwa na zote zilizoitangulia, ulinganisho unaokaribia bilioni 2. Alipoziba mianya hiyo miwili, dakika sita zikawa moja na sekunde 50. Kampuni ya Rockstar ilikubali, ikamlipa dola 10,000 na kutoa marekebisho Machi mwaka huohuo.

Meneja anayekimbilia kununua seva kubwa zaidi kabla ya kuisoma ripoti mpaka chini anapoteza fedha. Lakini hata anayeisoma asiiamini kama kiapo.

Mwaka 2010 mtafiti Todd Mytkowicz na wenzake walizipima profaila nne za lugha ya Java, zote maarufu. Programu ikiwa ileile, mara nyingi kila moja ilimtaja mlaji wake wa muda. Tatizo lilikuwa kwamba hazikuchungulia wakati wowote, bali pale tu Java iliporuhusu. Sawa na kuhesabu magari ya mji mzima ukiwa umeketi kwenye vituo vya mafuta. Watafiti waliziumbua kwa hila nyepesi ambayo ofisi yoyote inaweza kuiga: walipandikiza kazi ya ziada kwa makusudi ndani ya sehemu iliyoshukiwa, wakatazama kama ripoti nayo itapanda. Kuna profaila ambazo hazikuiona vizuri hata kazi hiyo ya kupandikizwa.