Jiko Likiugua, Nyumba Nzima Huugua



Jumapili nyingi katika ukurasa huu tumezungumza juu ya kile kinachopikwa jikoni. Leo nakuomba tuliache sufuria kando tulitazame jiko lenyewe, kwani ni chombo tunachokitumia kila siku bila kukijulia hali. Mtu akiumwa jino atasema, na mtoto akiumwa tumbo atalia. Jiko nalo likiharibika huonyesha dalili, ila wengi wetu hatukufundishwa kuzitambua.

Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili kwa woga. Miaka kadhaa iliyopita, katika mwezi wa Julai, nilikwenda Mbeya kumtazama dada yangu aliyekuwa amejifungua. Msomaji wa Dar es Salaam au Tanga huenda asijue baridi ya Mbeya ilivyo. Mji ule uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai blanketi moja halitoshi. Dada na shemeji walikuwa wamepanga vyumba viwili. Ugali ulipikwa barazani kwa jiko la mkaa, na tulipokwisha kula, makaa yalikuwa bado mekundu, hayana moshi hata kidogo. Shemeji akaona ni hasara kuyaacha yapoe nje ilhali mtoto mchanga anatetemeka ndani. Akaliingiza jiko chumbani, akafunga mlango, akaziba ufa wa dirisha kwa kanga kuukuu. Sote wanne tukalala chumba kimoja kwa ajili ya joto lile, nasi tulimshukuru.

Alfajiri niliamka kichwa kikinigonga kama nyundo. Dada alikuwa akitapika. Shemeji alijaribu kusimama, miguu ikamlegea. Mtoto alikataa kunyonya, naye alikuwa mlegevu kama kitambaa. Tukakubaliana kwamba ni malaria, na shemeji akawa anatafuta viatu aende kununua dawa. Kwa bahati njema jirani yetu, mama mmoja mkunga mstaafu, alipita kumjulia hali mzazi.

“Shikamoo, mama,” tukamwamkia.

“Marahaba, wanangu. Mbona nyote mmekuwa hivi?”

Shemeji akamweleza habari ya malaria. Mama yule hakungoja amalize.

“Malaria haiwaangushi watu wanne kwa usiku mmoja, baba. Jiko lililala wapi?”

Hakungoja jibu. Alimchukua mtoto akatoka naye nje, akatuamuru sote tumfuate. Baada ya muda wa kukaa katika hewa safi, vichwa vyetu vilianza kupata nafuu. Mtoto alipelekwa hospitali asubuhi ile ile, akapewa oksijeni, akapona. Leo anakwenda shule. Lakini sijasahau kwamba laiti mama yule angechelewa, au laiti tungemeza vidonge na kurudi kulala chumbani mle, huenda safu hii isingekuwa na mwandishi.

Ni kitu gani kilichotupata? Mkaa unapoungua kwa hewa haba hutoa hewa ya sumu ambayo wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu wala ladha. Haikwaruzi koo kama moshi wa kuni, wala haitoi machozi. Mtu anapoivuta huingia katika damu na kukamata mahali ambapo oksijeni ingekaa, nayo hushikilia pale kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka mwilini, lakini imebeba sumu badala ya uhai. Ubongo na moyo huwa vya kwanza kuona upungufu huo. Wanaodhurika upesi zaidi ni watoto, wajawazito na mimba zao, wazee, na wenye maradhi ya moyo.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tumezoea kudhani kwamba hatari ya jiko ni moshi, na kwamba makaa yaliyokwisha kuwa mekundu ni salama. Ni kweli kwamba moshi una madhara makubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2020 uchafuzi wa hewa majumbani, utokanao na nishati za kupikia, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Lakini kutokuwapo kwa moshi si cheti cha usalama. Hata yale majiko ya bati yenye udongo ndani, yaliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980 na ambayo kwetu tunayafahamu sana, yana sifa ya kula mkaa kidogo. Hayana sifa ya kuondoa sumu hiyo. Wala haisaidii kulala chini sakafuni au juu kitandani, kwa sababu hewa hiyo huchanganyika na hewa ya chumba kizima.

Basi, ndugu msomaji, yafaa tujue dalili. Kwanza ni dalili za mwili: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, na akili kuchanganyikiwa. Dalili hizo hufanana na malaria au mafua, lakini kuna mambo matatu ya kuzitofautisha. Huwapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja. Aghalabu haziji na homa. Nazo hupungua mtu anapotoka nje, kisha hurudi anapoingia tena ndani. Ukiyaona hayo, liulize jiko kabla ya kwenda dukani kununua vidonge.

Pili ni dalili za jiko lenyewe, na kila jiko lina zake.

Jiko la mkaa huugua kwa kukosa pumzi. Tazama tundu la chini linalotolea majivu. Likiziba, mkaa huungua kwa shida na sumu huongezeka. Toa majivu kila kabla ya kuwasha, na uliache tundu wazi wakati wa kupika. Tazama pia udongo wa ndani: ukipasuka na kumeguka, vipande huziba matundu ya hewa, na bati la nje hupata moto kiasi cha kumuunguza mtoto anayeligusa. Ufa mdogo huzibika kwa udongo na saruji. Ukimeguka vipande, mpelekee fundi abadilishe. Mkaa wenye unyevu nao huwaka kwa taabu, hivyo uanikwe juani kwanza. Muhimu kuliko yote, jiko hili ni la nje au la jiko lenye madirisha wazi. Si la chumba cha kulala, hata kwa nusu saa.

Jiko la mafuta ya taa, kwa wale ambao bado wanalo, husema kwa rangi ya mwali. Mwali wa buluu ni dalili ya afya. Mwali mrefu wa manjano, masizi chini ya sufuria na harufu kali ni dalili ya kwamba tambi hazikulingana, au zimeungua ncha, au vikombe vya juu havikukaa sawasawa. Zima, acha lipoe, kata ncha za tambi zilingane, kisha usafishe matundu. Likiwaka kwa kurukaruka na kutoa mlio, huenda mafuta yamechanganyika na maji. Mwali ukiwa mkubwa kuliko kawaida mara baada ya kununua mafuta mapya, zima upesi, maana huenda yamechanganywa na petroli, na mafuta ya namna hiyo yamekwisha kuteketeza nyumba. Usiongeze mafuta jiko likiwa linawaka au lingali la moto. Na moto ukilipuka, usimwagie maji. Ufunike kwa mchanga au blanketi zito.

Jiko la gesi limeingia katika nyumba nyingi za wafanyakazi, na serikali ya Tanzania, katika mkakati wake uliozinduliwa mwaka 2024, ilijiwekea lengo kwamba asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema, lakini mtungi nao una adabu zake. Gesi ya kupikia hutiwa harufu mbaya makusudi ili tuitambue inapovuja. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni na kutuama pembeni. Ukiinusa, usiwashe kiberiti, usiguse swichi ya taa, hata ya kuzima. Funga mtungi ikiwa unaweza kuufikia kwa usalama, fungua milango na madirisha, toa watu nje, kisha umwite fundi. Kutafuta mahali panapovuja, paka povu la sabuni kwenye mpira na kwenye maungio. Pale panapotoa mapovu ndipo penye ugonjwa. Asikudanganye mtu kupima kwa moto wa kiberiti. Mpira uliopasukapasuka au kukauka haufungwi kwa gundi wala kamba, hununuliwa mwingine. Mtungi husimama wima daima. Kuulaza au kuupasha moto ili ‘umalizie gesi ya mwisho’ ni kucheza na uhai. Mwali wa manjano unaoacha masizi hapa pia maana yake ni matundu yaliyoziba au hewa haba, na jiko la namna hiyo laweza kutoa sumu ile ile ya mkaa.

Na je, ukimkuta mtu ameanguka katika chumba chenye jiko la mkaa? Fungua mlango na dirisha, mtoe nje mara moja, kisha ndipo ulishughulikie jiko. Usikae ndani ukimpepea, maana utaanguka kando yake. Kama anapumua lakini hana fahamu, mlaze ubavu. Kama hapumui na yupo anayejua kumpulizia pumzi, aanze papo hapo. Mpelekeni hospitali, na mumwambie mganga waziwazi kwamba kulikuwa na jiko ndani. Neno hilo moja laweza kumwokoa, kwa kuwa tiba yake ni oksijeni. Maziwa, ambayo wengi wetu huyakimbilia kila tusikiapo neno sumu, hayafai kitu hapa. Sumu hii imo katika damu, haimo tumboni, na kumnywesha mtu asiye na fahamu kwaweza kumpalia akafa kwa maziwa yenyewe.

Najua msomaji mmoja atanijibu: “Mwandishi, wewe wasema tu. Mimi nimepanga chumba kimoja, jiko nikiliacha nje litaibwa, mkaa ni ghali, na baridi ni kali.” Jibu hilo ni la haki, wala silipuuzi. Ndilo lililokuwa la shemeji yangu usiku ule. Tujibizane nalo basi.

Kuhusu mkaa, usiungoje uishe wenyewe. Ukimaliza kupika, yafunike makaa kwa majivu au mchanga, au uyazime kwa maji kisha uyaanike kesho yake. Mkaa ule utawaka tena, na hutakuwa umepoteza hata senti. Kuhusu wizi, jiko liingizwe ndani likiwa limepoa kabisa, mkono ukigusa majivu ya katikati usione joto. Likiwa bado lina joto, lifungie mahali pa wazi, au wapangaji mpatane kuwa na pembe moja ya uani ya kuyahifadhi majiko yote. Nyumba zenye ujirani mwema huweza jambo hilo. Kuhusu baridi, jaza maji ya moto katika chupa imara, ifunge vema, uizungushie kitambaa kizito, uiweke kitandani miguuni kabla ya kulala. Kwa mtoto mchanga iondolewe kabla hajalazwa, isije ikamuunguza. Mvishe mtoto soksi na kofia. Maji hayo yatachemshwa kwa makaa yale yale ambayo shemeji aliyaonea uchungu, ila yatachemshwa nje.

Jioni hii, kabla ya kuwasha, inama ulitazame jiko lako. Toa majivu, tazama tambi, paka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi. Kazi hiyo haizidi dakika 10. Kisha uwaite watoto uwafundishe rangi ya mwali mzuri na rangi ya mwali mbaya, na uwaeleze kwa nini jiko lenye moto halilali pamoja na watu. Wao ndio watakaobaki nyumbani siku wewe uko kazini.

Mama yule mkunga, tulipokwenda kumshukuru, hakutaka zawadi. Alitutaka jambo moja tu, kwamba kila tutakapokwenda mahali penye baridi tuwaulize wenyeji wetu jiko lao hulala wapi. Nami leo nakuuliza wewe.

Tukutane Jumapili ijayo.